Kufunga spika za nyuma za mtumba kwenye stesheni wagoni ya zamani: yaliyonikuta Bariadi

 

Tangu nifunge spika za nyuma kwenye kagari kangu, kila nikiegesha pale stendi hakosekani mtu wa kuniuliza: umezitoa wapi, umefungaje, mbona zinalia safi hivyo? Nimechoka kueleza nikiwa nimesimama juani, nikaona bora niandike mara moja, mwenye haja asome. Niseme mapema, mimi si fundi. Ni mtu wa kawaida mwenye gari la zamani na mfuko mwembamba. Ila jambo hili nimelifanya mara mbili. Mara ya kwanza lilifanywa vibaya kiasi cha kutaka kuniunguzia familia, mara ya pili likaenda vizuri. Kwa hiyo nina uzoefu wa pande zote mbili.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla stesheni wagoni, ile "Corolla 100" ya miaka ya tisini. Mnazijua, zimejaa mkoa mzima, zinabeba watu, mbuzi, magunia ya pamba na hata kabati la bibi harusi. Langu lilikuja na spika mbili tu, milango ya mbele. Nyuma hakuna kitu.

Mtu atasema, spika mbili si zinatosha? Kwenye saluni pengine zinatosha. Stesheni wagoni ni kitu kingine. Haina buti lililozibwa, nyuma yote ni chumba kimoja na abiria, kwa hiyo kelele za matairi na kokoto zinaingia moja kwa moja. Ukitoka kwenye lami ukashika njia za vumbi za kwenda Itilima au Meatu, aliyekaa siti ya nyuma hasikii redio, anasikia mawe. Unaongeza sauti, wa mbele anaumwa kichwa, wa nyuma bado analalamika, na spika za mbele zinaanza kukoroma. Mwisho zinapasuka. Ndivyo zilivyokufa za kwangu za awali.

Na anayekaa nyuma kwenye gari langu ni mayu, mama yangu mzazi. Siti ya mbele haipendi, anasema magoti yanagonga. Anakaa nyuma na wajukuu, na anachotaka ni taarifa ya habari ya TBC Taifa na redio yetu ya Sibuka FM ya Maswa, hasa msimu wa pamba unapokaribia. Masikio yake si ya zamani. Kila nikimshusha nyumbani ananiuliza, "Wamesema nini?" Hapo ndipo safari ya spika ilipoanzia.

MTUMBA AU MPYA?

Hapa nina msimamo na najua wengine hamtakubaliana nami. Madukani kuna spika mpya zinazong'aa, zimeandikwa wati 500, nyingine wati 1000, bei ya kuvutia. Jamani, redio ya kawaida ya gari, hata ile iliyoandikwa 50 mara 4, nguvu yake halisi kwa kila spika ni wati 15 hadi 20 hivi. Hiyo 50 ni ya kilele, ya sekunde moja ya kujisifu. Sasa wati 1000 utazitoa wapi? Nyingi ya spika hizo ni sumaku ndogo iliyovishwa plastiki kubwa. Spika ya kiwandani iliyotoka kwenye Toyota ya Japani, hata kama haina sura, imetengenezwa ilie vizuri kwa wati hizo hizo 15, ndani ya mlango ule ule, kwa miaka. Mimi nachukua ya mtumba.

Zinatoka wapi? Nyingi zinatoka kwenye magari yaliyokwisha au kugongwa, na mengine huletwa kutoka nje yakiwa yamekatwa nusu kwa ajili ya spea. Dar ni Gerezani, hilo kila mtu anajua. Sisi wa huku tunashuka Mwanza, au tunamwagiza kondakta wa basi. Mimi nilienda mwenyewe, na nashauri uende mwenyewe, kwa sababu spika haichaguliwi kwa simu.

Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kuomba "spika za nyuma". Muuzaji anakupa spika za nyuma kweli, ila za saluni, zile zenye umbo la yai zinazokaa kwenye kishubaka chini ya kioo cha nyuma. Stesheni wagoni haina kishubaka hicho! Unafika nyumbani unakuta huna pa kuziweka, na ukisema uziingize mlangoni, sumaku inagongana na kioo kinaposhuka. Omba spika za MLANGO, duara, sentimita 16, kutoka Toyota yoyote ya miaka hiyo. Zile zilizoumbwa pamoja na fremu yake ya plastiki yenye masikio matatu ya skrubu ni dhahabu, usikubali zitenganishwe na fremu hiyo. Kama kuna kava la mlango lenye wavu wake, ulizia pia, litakuokolea kazi ya kisu huko mbele.

Na risiti, wadau. Hata ya kuandikwa kwa mkono. Redio, spika na vioo vya pembeni ndivyo vinavyoongoza kwa kung'olewa usiku kwenye magari ya watu, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Muuzaji anayekasirika ukiomba risiti, mwage aende zake.

KUIPIMA KABLA YA KUTOA HELA

Nenda na vitu viwili: testa ya kidijitali na betri moja ndogo ya tochi, ya volti 1.5. Vinakaa mfukoni.

Kwanza itazame. Geuza uone karatasi ya spika kwa mbele na kwa nyuma. Kingo zinazoizunguka ndizo zinazokufa kwanza. Kama kingo ni za sponji, zibonyeze kwa kidole. Sponji ya zamani inageuka unga mkononi, na hiyo achana nayo. Kingo za mpira au za kitambaa zinadumu sana, na spika nyingi za kiwandani za Kijapani zina karatasi yenye kingo za kitambaa.

Halafu weka vidole viwili pande mbili za katikati, isukume polepole ndani, iachie. Irudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, imekwisha hiyo, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Huku kwetu mkwaruzo mwingine ni vumbi la chuma lililonaswa na sumaku, lakini huwezi kulitoa bila kupasua spika, kwa hiyo hesabu ni ile ile.

Tatu, testa kwenye omu. Spika iliyoandikwa omu 4 itasoma pungufu kidogo, kama 3 na pointi. Ikisoma 4 kamili si mbaya. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma sifuri au karibu na hapo, koili imeungua ikajishika yenyewe, na hiyo ni hatari zaidi maana itaua na redio.

Mwisho ile betri ya tochi. Gusisha mara moja tu, usishikilie. Utasikia "tap!" na karatasi itaruka. Ikiruka kuja nje, basi upande uliogusa chanya cha betri ndio chanya cha spika. Weka alama kwa kalamu hapo hapo. Alama hiyo utaihitaji.

Mimi nilijaribu spika saba nikapata mbili. Elfu thelathini na tano kwa jozi, baada ya kubishana mpaka chai ya muuzaji ikapoa.

MARA YA KWANZA

Sasa niwasimulie kwa nini naandika kwa ukali kidogo.

Agosti 2018 maonyesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, hapa hapa kwetu Bariadi. Kwa mkoa uliozaliwa 2012 tu, ilikuwa sherehe. Mayu alitaka kwenda, na mimi nikataka aende akisikiliza redio. Wiki moja kabla nikampa gari fundi mmoja (jina naliacha, ana watoto wa kulisha). Akanishawishi kwamba spika za nyuma bila busta ni kazi bure. Akafunga kabusta kadogo chini ya siti, na waya wake wa umeme akautoa moja kwa moja kwenye betri, akaupenyeza kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na dashibodi, ukapita chini ya kapeti mpaka nyuma. Kulia zililia! Nikamlipa, nikamwongezea na ya soda.

Siku ya maonyesho, tukirudi jioni, mayu na wajukuu watatu nyuma, nikasikia harufu ya plastiki. Nikadhani ni takataka za shambani zinaungua nje. Kufumba na kufumbua moshi mweusi ukatoka chini ya dashibodi, miguuni kwangu. Nikakanyaga breki, nikazima swichi. Moshi ukaendelea! Ndiyo, kwa sababu waya ule haukupita kwenye swichi wala kwenye fyuzi yoyote. Ulikuwa umekatwa na ncha kali ya lile bati, kidogo kidogo, kwa mtikisiko wa wiki moja tu, na sasa shaba ilikuwa inagusa bodi. Betri nzima ilikuwa inajimwaga pale.

Na milango ya nyuma nilikuwa nimeiweka loki ya watoto. Mayu anavuta mkono wa mlango haufunguki. Alikuwa anaita jina langu, hapigi kelele, anaita tu, mara tatu, nne. Nikatoka nikazunguka nikafungua, nikawatoa kama magunia. Kisha nikafungua boneti nikang'oa terminali ya betri kwa mkono. Ilitoka kwa sababu fundi yule yule alikuwa hajaikaza. Angeikaza ningehitaji spana namba 10, ambayo ilikuwa nyumbani.

Hakuna aliyeumia. Kapeti la mbele liliungua, nyaya za dashibodi upande wa kulia ziliyeyuka, redio ikafa. Matengenezo yalinigharimu mara kumi ya bei ya spika. Spika zenyewe? Nzima kabisa, ndizo ninazosikiliza mpaka leo.

Kwa hiyo mdau anaponiuliza spika gani nzuri, mimi namuuliza waya wako unapita wapi. Siku hizi spana namba 10 inakaa kwenye kishubaka cha mlango wangu, haitoki.

MARA YA PILI: NYAYA

Nilirudia kazi mwenyewe miezi miwili baadaye, nikiongozwa na mzee mmoja fundi redio wa Somanda, wa zama za redio za mkulima. Kitu cha kwanza alichoniambia: "Mwanangu, busta tupa." Redio yenyewe ina njia nne za sauti, mbili za mbele na mbili za nyuma. Zile za nyuma zimekaa bure. Ukizitumia huhitaji waya mpya wa umeme hata mmoja. Kazi inabaki kupeleka nyaya za spika tu, ambazo hazibebi umeme wa kuchoma gari.

Kabla ya chochote, toa terminali ya hasi ya betri. Na ukiwa chini ya dashibodi, ukikutana na nyaya zenye soketi za njano tupu kwenye gari lenye eabegi, usiziguse, usizipime hata kwa testa.

Nyuma ya redio kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo kuna soketi mbili: kubwa ya pini 10 na ndogo ya pini 6. Kubwa ina umeme na spika za mbele. Ndogo ndiyo ya spika za nyuma. Kwenye hiyo ndogo, mwekundu na mweupe ni nyuma kulia, mweusi na wa njano ni nyuma kushoto. Chanya ni mwekundu na mweusi.

Hapa simama, soma tena, kwa sababu hapa ndipo watu wanaunguza vitu. Redio mpya ya dukani ina rangi zake. Kwenye hiyo, wa NJANO ni umeme wa moja kwa moja wa betri na MWEUSI ni bodi. Kwenye soketi ya Toyota, wa njano na mweusi ni spika! Kijana anayeunganisha njano kwa njano na nyeusi kwa nyeusi anazifunga nyaya za umeme za redio kwenye spika ya kushoto. Umeme wa betri kwenye Toyota hizo kwa kawaida ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa swichi ni wa kijivu, na bodi ni kahawia. Spika za nyuma kwenye redio mpya ni kijani kwa kushoto na zambarau kwa kulia, na wenye mstari mweusi ndio hasi. Hata hivyo usiamini rangi peke yake, hasa gari lililopita mikono mitano kama langu. Pima kwa testa kila waya.

Kitu cha pili alichonisisitizia mzee: hasi ya spika haiendi kwenye bodi. Kamwe. Magari ya zamani sana yalifungwa hivyo na mafundi wengine hawajaacha. Kwenye redio za sasa nyaya zote mbili za spika zina umeme, kama volti 6 kila mmoja ukipima na bodi. Ukiugusisha mmoja kwenye bodi, unaikaanga redio. Inaweza kulia siku mbili tatu halafu ikazimika, nawe ukasema "redio za siku hizi feki".

Na usichukue njia ya mkato ya kuunga spika za nyuma juu ya zile za mbele. Omu 4 na omu 4 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, redio inachemka mpaka unaweza kuchomea mahindi. Zaidi ya hapo unapoteza uwezo wa kugawa sauti kati ya mbele na nyuma, na kama una mama kama wangu, uwezo huo ndio unaoutaka.

Waya: nunua wa nyuzi nyingi, wa pande mbili, unene wa milimita 0.75 unatosha sana. Usitumie ule wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu, mlango ukifunguliwa na kufungwa utakatika ndani bila wewe kuona. Mita kumi na mbili zilinitosha pande zote mbili na zikabaki.

Njia yake: shuka kutoka nyuma ya redio, upite pembeni chini ya zile plastiki za kizingiti cha mlango. Zinang'oka kwa kuvuta juu, taratibu, asubuhi zikiwa baridi zinapasuka. Usipite katikati chini ya kapeti ambako reli za siti zinateleza, zitaula waya. Kwenye nguzo ya kati kuna mpira unaounganisha bodi na mlango wa nyuma, pitisha waya humo, na uache mlegezo wa kutosha ili mlango ukifunguka wote usivute. Popote waya unapopita kwenye tundu la bati, weka kipete cha mpira. Hakuna kipete dukani? Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kikunje, kifunge. Gari langu sasa lina tyubu ya baiskeli sehemu sita.

Maungio niliyachomelea kwa risasi kisha nikavika mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi peke yake kwa joto letu la Septemba na Oktoba inalainika, gundi inatoka, inateleza, na waya unabaki uchi. Kuhusu selotepu sitasema kitu, aliyewahi kuitumia anajijua.

Fyuzi acha ile ile ya kiwandani. Ikikatika mara mbili, tafuta kinachoikata. Nimeona magari, tena yanayobeba abiria, mahali pa fyuzi pamefungwa waya wa shaba au karatasi ya sigara. Hao wanabeba watu, jamani.

MLANGO WENYEWE

Hii sehemu ni rahisi kuliko inavyotisha. Mkono wa kuzungushia kioo umeshikwa na kijiklipu kidogo cha chuma kwa nyuma. Usikibishie kwa bisibisi. Chukua kitambaa, kipitishe nyuma ya mkono, kivute kushoto kulia kama unang'arisha kiatu, klipu itaruka. Itaruka kweli, kwa hiyo mweke mtoto aangalie inaangukia wapi. Toa skrubu za kishikio, kisha klipu za plastiki pembeni, halafu kava linatoka kwa kusukuma juu.

Chini yake kuna karatasi la nailoni lililogandishwa. Watu wengi wanalichana na kulitupa. Usithubutu! Hilo ndilo linalozuia maji ya mvua yanayoshuka ndani ya mlango yasije kwenye kava na kwenye spika. Libandue polepole, ukimaliza lirudishe, na juu ya spika liache liwe kama kofia.

Mungu si Athumani, nilipolibandua nikakuta tundu la spika la kiwandani lipo tayari, na matundu matatu ya skrubu. Kiwanda kilikuwa kimeacha nafasi. Kama lako halina, kabla hujakata bati shusha kioo mpaka chini kabisa, upime nafasi iliyobaki kati ya kioo na bati, uilinganishe na kina cha spika. Usikate kwanza ukapima baadaye.

Kati ya fremu ya spika na bati nilikata pete ya tyubu (ndiyo, tena). Pete hiyo inaziba hewa, na kuziba hewa ndiko kunakoleta besi. Spika ile ile isiyozibwa inalia kama ya simu. Kava la mlango nilitoboa kwa kisu kikali nikabandika wavu wa mtumba juu yake. Si kazi ya maonyesho lakini inapita. Wavu usiuache, maana ukilaza siti ukapakia magunia, kona moja ya gunia inatosha kuitoboa karatasi.

KUJARIBU

Rudisha betri, washa, peleka sauti yote nyuma. Halafu kushoto peke yake, kulia peke yake. Kisha zote mbili pamoja, sikiliza besi. Kama besi inakuwa ndogo zikilia pamoja kuliko ikilia moja, ujue moja umeigeuza, chanya imekwenda kwa hasi. Moja inavuta wakati nyingine inasukuma, hewa inafutana. Hapo ndipo ile alama ya kalamu uliyoiweka dukani inakuokoa.

Jambo dogo kwa wale wanaonunua na redio ya mtumba kabisa iliyotoka Japani: FM ya Kijapani ya zamani inaanzia 76 na kuishia 90, yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana redio "nzima" inashika stesheni moja au hakuna. Haijafa. Kuna kidude kinaunganishwa kwenye waya wa antena kinachohamisha mawimbi, bei yake ndogo. Mimi niliishia kununua redio mpya ya kawaida kwa vile ya kwanza mnajua ilikokwenda.

Jumapili iliyofuata nikamchukua mayu. Taarifa ya habari ikaanza, nikamtazama kwenye kioo. Akasikiliza kama dakika moja, akasema: "Punguza."

Nimebakiwa na tatizo moja. Mlango wa nyuma kushoto unatetemeka na kuguruma kwenye sauti nzito nikiwa njia ya makorongo, kwenye lami hausikiki. Nimekaza skrubu, nimeongeza tyubu kwenye klipu za kava, nimefunga fimbo za kitasa ndani kwa sponji. Umepungua, haujaisha. Nashuku ni reli ya kioo yenyewe imechakaa. Mwenye Corolla 100 aliyewahi kulipata hili na akalimaliza bila kubadilisha reli, naomba aniandikie hapo chini alifanyaje.